Sukari Imebebeshwa Mzigo Usio Wake

Chai niliyokaribishwa katika nyumba ile ya Magomeni, hapa Bagamoyo, ilikuwa na tangawizi, mdalasini na pilipili manga, ila haikuwa na sukari. Wala si kikombe changu peke yake. Nyumba nzima ilikuwa imehama sukari tangu siku mama mwenye nyumba aliporudi kutoka Dar na majibu ya kinyama alichochukuliwa kwenye titi. Kopo lilikuwa limesukumwa uvunguni kama kitu cha aibu.

"Tunamnyima chakula," wifi yake akanieleza, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuushika ufunguo. "Saratani inakula sukari, mwanangu. Ukiinyima, inakufa njaa."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe cha asali iliyokorogwa na habasoda, akamshika mgonjwa shingo, akamnywesha vijiko vitatu.

Asali! Bidhaa ambayo, ukiondoa maji, karibu yote ni glukosi na fruktosi. Mbu amefungiwa mlango, kisha akafunguliwa dirisha na kutandikiwa kitanda. Nilikunywa chai yangu chungu nikanyamaza, kwa kuwa mbele ya mgonjwa mtu habishani. Hapa hayupo mgonjwa, basi nibishane.

Imani ile si ya wifi yule peke yake. Nimeisikia ndani ya daladala la Makumbusho, saluni, katika ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaoanza na "daktari mmoja bingwa amesema", na hata kwa watu waliovaa makoti meupe. Tuitendee haki, maana haikuzuka hewani. Inasema hivi: seli za saratani hutumia glukosi nyingi kuliko jirani zake, jambo hilo liligunduliwa na Mjerumani aliyepata tuzo ya Nobel, hospitali kubwa duniani humdunga mgonjwa glukosi yenye mionzi na kumpiga picha ya PET, zikaona uvimbe unavyoing'ang'ania, unene na kisukari huongeza hatari ya baadhi ya saratani za matiti, kwa hiyo sukari ndiyo inayozaa saratani na kuilisha, na mwenye kuiacha anaiua. Vipande vinne vya mwanzo ni vya kweli. Cha tano kimepenyezwa katikati yao kama samaki aliyechina katika tenga la wabichi, na mnunuzi akanusa wale wa juu tu.

KWANZA: ALICHOKIONA WARBURG, NA ALICHOKIDHANI

Otto Warburg alifanya kazi Berlin. Katika miaka ya 1920 alikata vipande vyembamba vya uvimbe, akavipima, akakuta kwamba seli za saratani huchachusha glukosi na kutoa asidi ya laktiki hata pale oksijeni inapokuwa tele. Seli nyingi za kawaida, zikiwa na oksijeni, huichoma glukosi hadi mwisho ndani ya mitokondria na kuvuna nguvu nyingi. Ile ya saratani huivunja nusunusu na kulitupa nje pande kubwa. Uchunguzi huo ulikuwa sahihi, na umesimama kwa miaka mia.

Kosa liliingia kwenye maelezo. Warburg alidhani mitokondria za seli hizo zimeharibika, na kwamba kuharibika huko ndiko chanzo cha saratani. Mwaka 1956 aliyarudia hayo katika jarida la Science bila kupepesa jicho. Mwaka uleule Sidney Weinhouse wa Marekani akamjibu kwamba seli za saratani, kwa sehemu kubwa, zinapumua vizuri tu. Utafiti uliofuata ulisimama upande wa Weinhouse. Na tuzo ile ya Nobel ya 1931, inayopigwa kama muhuri juu ya kila ujumbe wa kupinga sukari, Warburg aliipata kwa kazi yake juu ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Haikuhusu chanzo cha saratani. Anayeniambia "Nobel imethibitisha" ananionyesha muhuri uliobanduliwa kwenye barua nyingine.

Hata picha ya PET haimsaidii. Katika picha hiyo ubongo nao hung'aa kama taa ya karabai, na hakuna aliyewahi kumwambia mtu kwamba kichwa chake chote ni saratani. Picha inaonyesha mzigo umeshushwa wapi. Nani aliyeuagiza, haisemi.

PILI: DAMU HAINGOJI KIKOMBE CHAKO

Chukua glukosi yote inayozunguka katika damu ya mtu mzima mwenye afya, ichuje, ipime: inapata gramu nne hadi tano hivi. Kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia gramu kama 120 kwa siku, na chembe nyekundu za damu, ambazo hazina mitokondria hata moja, haziwezi kuishi kwa kitu kingine. Kwa hiyo mwili haujakiachia kijiko hicho kitegemee matakwa ya wifi. Ini hukijaza saa zote: kwanza kutoka kwenye akiba yake, na akiba ikiisha, linaitengeneza glukosi upya kutokana na protini za misuli na mabaki ya mafuta.

Mji huu unalijua jambo hilo kwa mazoea. Kila Ramadhani watu wa Bagamoyo hukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila tone, wakavuta nyavu, wakasukuma mikokoteni, wakabishana mpira, na damu zao haziishiwi glukosi. Ini halijafunga.

Ukimnyima mgonjwa sukari, kisha ukamnyima wali, kisha mihogo, kisha ndizi (maana marufuku haikai kwenye kopo, hutambaa), uvimbe unaendelea kupata glukosi yake kutoka kwenye ini, na ini linaipata kutoka kwenye misuli ya mapaja ya mgonjwa. Tena saratani si mlaji wa sahani moja. Hutumia pia glutamini, asidi ya amino iliyo nyingi kuliko zote katika damu, ambayo misuli yenyewe ndiyo inayoitoa. Nyingine hutumia mafuta. Mtu anayedhani anaifungisha saratani anamchinja mwenye nyumba ili panya akose ugali.

Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchi nzima, bei ikaruka, tukawa tunanunua robo kwa kuvizia. Kama wanayosema ni kweli, ule ulikuwa mradi mkubwa wa tiba ya saratani kuwahi kufanywa Tanzania. Sijasikia kwamba foleni ya hospitali ya saratani ya Ocean Road ilipungua.

TATU: TITI LENYEWE

Hapa ndipo nawashangaa zaidi. Katika viungo vyote walivyoweza kuvichagua ili kutisha watu kwa sukari, wamechagua titi.

Titi la mama anayenyonyesha ni kiwanda cha sukari. Hapa kwetu tunacho kiwanda kingine, kule Makurunge, kilichoanza uzalishaji 2022. Lakini kile kinategemea miwa. Titi huvuta glukosi kutoka kwenye damu, hugeuza sehemu yake kuwa galaktosi, huziunganisha, na kutoa laktosi: gramu kama 70 katika kila lita ya maziwa. Ili kuweza hivyo, seli zake huongeza milango ya kupitishia glukosi na kuivuta kwa pupa ambayo Warburg angeitolea macho. Kama pupa ya glukosi ndiyo inayozaa saratani, basi wanyonyeshaji wangekuwa wa kwanza kuugua, na akina mama wa pwani hii wanaonyonyesha miaka miwili kwa kila mtoto wangekwisha zamani.

Takwimu zinasema kinyume. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulikuta kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 4.3.

Sasa tofauti iko wapi kati ya seli ya maziwa na seli ya saratani, ikiwa zote zinavuta glukosi? Seli ya maziwa imeagizwa. Homoni ya prolaktini imefika, imegonga, kazi imeanza. Mtoto akiachishwa ziwa, wito unakoma, kazi inasimama, tishu zinanywea. Ya saratani haina wa kuisimamisha. Tofauti haiko kwenye mzigo, iko kwenye amri.

NNE: NANI ANAPIGA MBIU?

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mzee aliyeisikia alitoka nje kwa sababu alijua kuna mpigaji, kuna sababu, na ikinyamaza watu watarudi makwao. Seli huishi kwa utaratibu huohuo. Haijiamulii kula, kukua wala kugawanyika, inangoja kuitwa. Masikio yake ni protini ziitwazo vipokezi: kimoja kinasubiri estrojeni ndani kabisa ya seli, kingine kinasubiri insulini juu ya utando, na HER2 nacho kimekaa hapo juu kikishirikiana na ndugu zake. Neno likipokewa hupitishwa mdomo kwa mdomo. Protini iitwayo PI3K humwambia AKT, AKT humwambia mTOR. AKT ndiye anayepeleka milango ya glukosi juu ya utando ili mzigo uingie. mTOR anaamuru ujenzi uanze.

Ujenzi, ndiyo. Hili hawalitaji kamwe. Mwaka 2009 Matthew Vander Heiden, Lewis Cantley na Craig Thompson walieleza kwa nini seli inayokua haichomi glukosi yake yote kuwa nguvu: inaihitaji kama mbao. Kutokana na vipande vyake inaunda mafuta ya utando, asidi za amino na matofali ya DNA. Fundi jahazi pale ufukweni hachomi mninga wote kupikia chai, ana chombo cha kuunda. Sasa ukimwona fundi anaunda jahazi la tatu juu ya la pili, hakuna aliyemwagiza, pwani imejaa na yeye bado anapiga misumari, tatizo utaliitaje? Mbao?

Katika saratani ya titi mbiu imekwama, na tunajua kwa kiasi kikubwa imekwama wapi. Katika uvimbe kama miwili kati ya kila mitano ya ile inayoitikia homoni, jeni ya PIK3CA imebadilika, na PI3K inapiga kelele bila kuitwa na mtu. Katika uvimbe mmoja kati ya mitano au sita hivi, jeni ya HER2 imenakiliwa mara nyingi mno, seli imeota masikio mwili mzima, na mnong'ono inausikia kama radi. Kwingine amepotea PTEN, ambaye kazi yake ilikuwa kunyamazisha.

Hayo si maneno ya maabara tu, ni historia ya tiba yenyewe. Mwaka 1896 George Beatson wa Glasgow aliandika jinsi alivyoondoa ovari za wanawake wenye saratani ya titi iliyokwisha kuenea, na uvimbe ukanywea. Neno estrojeni halikuwapo bado. Jengo la hospitali ya Wajerumani pale ufukweni Dar, ambalo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, lilikuwa halijafunguliwa. Beatson hakugusa chakula cha mtu. Aliondoa mpiga mbiu. Tamoksifeni ilikuja kuziba sikio la estrojeni: kidonge kimoja kwa siku, miaka mitano, na katika saratani zenye kipokezi hicho vifo hupungua kwa karibu theluthi. Trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani 1998, iliziba sikio la HER2. Hakuna kati ya hizo inayofanya kazi kwa kumnyima mtu sukari.

Ipo hata dawa inayowaumbua waziwazi. Alpelisibu, iliyoidhinishwa Marekani 2019, huizuia PI3K katika saratani zilizoenea zenye badiliko la PIK3CA. Moja ya athari zake zinazojulikana sana ni kupandisha sukari ya damu, maana insulini nayo hupitia njia hiyohiyo. Kwa hoja ya wifi, dawa hiyo ingekuwa mbolea. Katika jaribio lililoipatia kibali, ikitumiwa pamoja na dawa ya homoni, muda wa ugonjwa kutosonga mbele ulipanda kutoka miezi 5.7 hadi 11. Sukari juu, saratani chini.

Mjanja atanikumbusha utafiti wa Cantley na wenzake wa 2018. Naukumbuka. Walikuta kwamba sukari inayopandishwa na dawa za namna hiyo huita insulini, na insulini huiamsha tena njia iliyozibwa; panya waliolishwa chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo sana wakanufaika zaidi na dawa. Wapenzi wa kufunga wanga wanalisambaza hilo kama ushindi. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba chakula kile kikitumiwa peke yake, bila dawa, kiliharakisha saratani ya damu katika panya. Aya hiyo katika ujumbe wa sauti haifiki.

TANO: KITAMBI, INSULINI, NA KIDONGE CHA KISUKARI

Nisije nikaambiwa naitetea soda. Baada ya ukomo wa hedhi, mafuta ya mwilini hutengeneza estrojeni kwa kimeng'enya kiitwacho aromatasi, na insulini iliyo juu kwa miaka mingi ni wito wa kukua unaopigwa mchana na usiku. Unene katika umri huo huongeza hatari ya saratani ya titi, na sukari nyingi husaidia kunenepesha. Hapo kitambi ni mpiga mbiu mwingine. Lakini huko ni miaka ishirini ya sahani kubwa, na jibu lake ni mwili mzima: chapati, mafuta, kukaa. Mama wa kilo 48 aliyekwisha kuugua ana uhusiano gani na hilo? Kabla ya ukomo wa hedhi unene hauonyeshi hata uhusiano huo.

Na wazo la kuitibu saratani ya titi kwa kushusha sukari na insulini limejaribiwa, kwa heshima zote. Metformini, kidonge ambacho kila nyumba yenye mwenye kisukari inacho, kilipewa wagonjwa wasio na kisukari katika jaribio la MA.32 lililoongozwa kutoka Canada. Wagonjwa 3,649, nusu metformini, nusu kidonge kitupu, kwa miaka mitano. Matokeo yalichapishwa 2022: kwa ujumla hakuna tofauti. Palikuwa na dalili ya nafuu katika kundi dogo la wenye HER2, nayo bado yahitaji kuthibitishwa. Tena angalia, hata dalili hiyo imetokea kwa kufuata kipokezi.

SITA: BILI

Imani hii inajiita ya bure. Kuacha sukari hakugharimu kitu, wanasema, na hakumdhuru mtu.

Tuhesabu. Mgonjwa wa kemo anahitaji damu na nguvu ili dozi ifuate dozi. Aliyenyimwa uji wenye sukari, kisha nyama nyekundu, kisha maziwa, hufika siku ya dozi akaambiwa arudi wiki mbili baadaye, damu haitoshi. Yupo na yule wodini anayekataa dripu ya glukosi kama aliyeletewa sumu. Na kuna muda. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini iliyotolewa 2017 ilikadiria kwamba wanawake kama wanane kati ya kumi hugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni na uvimbe. Siku 60 hapa kwetu huishia kwenye majani ya mstafeli, na anayeyauza anayauza pamoja na juisi ya stafeli, tunda lenye sukari. Kizazi hikihiki kilipanga foleni Loliondo 2011 kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Kikombe cha safari hii kinanywewa nyumbani, hakina foleni, kwa hiyo hakionekani na waandishi wa habari.

Gharama nyingine haina risiti. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sukari ikishafanywa chanzo, mgonjwa amejichoma mwenyewe. "Alikuwa anapenda chai ya maziwa yule." Nimeyasikia hayo msibani, kaburi halijakauka. Mwanamke ambaye jeni moja ndani ya seli moja imejikosea herufi anazikwa na kesi ya ulafi. Na upande wa pili, mwembamba asiyetia sukari hujiona ana kinga, akaibeba gololi ya kwapani mwaka mzima.

Ila bili kubwa kuliko zote ni swali lililoibiwa. Nyumba yenye mgonjwa ina swali moja la kumuuliza daktari kabla ya yote: uvimbe huu una vipokezi gani? Estrojeni? Projesteroni? HER2? Au hauna hata kimoja kati ya hivyo vitatu? Tiba inachaguliwa hapo. Badala yake, familia nzima hutoka Bagamoyo na basi la alfajiri, hukaa foleni hadi saa saba mchana, hupata dakika tano mbele ya daktari, na dakika nne zinatumika kuuliza kama asali inaruhusiwa.

Siku ile Magomeni, wifi alipokwenda kuosha kikombe, mama aliniomba nimsomee karatasi yake. Ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, imekunjwa mara nne, nyuma ya picha ya harusi ukutani. Kiingereza kitupu. Mstari wa tatu kutoka chini ulisema kipokezi cha estrojeni kipo, kwa nguvu. Katika bahasha ileile palikuwa na pakiti ya tamoksifeni, vidonge vitatu tu vimetolewa.

"Hivyo niliviacha," akasema. "Niliambiwa vya homoni, vinanenepesha."

Wifi akarudi, anafuta mikono kwenye kanga. Akainamia karatasi juu ya bega langu.

"Haya, mwanangu. Na hapo kuhusu sukari wameandikaje?"

Niliipitia tena, juu hadi chini, nikamwambia neno hilo halimo.